Kozi wa Mfungo Tatu

Tangu nirudi, kila anayekuja kwangu kushonewa gauni husahau kipimo akaniuliza habari za Maskati. Nimeshasimulia kwa vipande, huyu kichwa, huyu mkia, mpaka sasa mtaani wapo wanaoamini kwamba Baba alikwenda Uarabuni akala kozi. Hakula kozi. Alichokula nitakieleza mahali pake. Naandika mara moja, msome, kisha mniache nishone.

Kwa msiomjua vizuri Mzee Nassor, baba yangu, alizaliwa Matrah, pale jirani na Maskati, akapelekwa Unguja yungali mtoto wa kung'oka meno. Akakulia Unguja, akaoa Unguja, akazeeka Unguja, na siku zote akisema "kwetu" mjue anasema Matrah. Mama alifariki kabla ya mapinduzi. Yalipokuja mapinduzi tukavukia Mombasa na nguo tulizovaa, na ndugu zangu wawili hawakuvuka nasi. Hilo siliandiki zaidi ya hapo. Tulibaki mimi na yeye.

Kila vuli Unguja alikuwa akitoka barazani, anainua kichwa, anatuonyesha kozi wakipita juu kabisa, mbawa zimechongoka, vitone tu. "Wametoka kwetu hao," anasema. Na kila mara ataongeza kwamba mfungo tatu, Idi Kubwa ikisha, hurudi wote kwenye kisiwa cha mawe nje ya Matrah, kila mmoja kwenye tundu lake lilelile. Yeye mwenyewe aliwaona, siku ile amevaa kanzu mpya ya Idi. Tena wakubwa, mbawa zao zatia kivuli mashua nzima.

Basi mwaka jana, mbele ya baraza zima la msikitini, akaweka neno. Atakwenda kwao kwa mdogo wake, Ami Saif. Kozi wakirudi baada ya Idi Kubwa, hiyo ni alama, atakaa huko mpaka azikwe. Wasiporudi, atarudi nami Mombasa. Watu walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na hakuna aliyeuliza mimi ninapigia nini. Kwa sababu kozi hawajawahi kuacha kurudi, hilo halikuwa sharti, lilikuwa kuaga.

Mombasa hadi Karachi

Mtu anayekwenda kwao hubeba zawadi. Baba alibeba nazi, gunia zima, na makopa ya muhogo, na chupa za achari ya embe, na mbuzi. Mbuzi wa kukunia nazi, nasema, si wa kuchinja. Huyo wa kuchinja tutamfikia.

"Baba, kwani kwenu hakuna chakula?"

"Kipo. Hakina nazi."

"Sasa utakaa vipi huko?"

"Nlizaliwa huko, Zuhura. Ntazoea."

Nikamwambia mtu hazoei kwao. Akanitazama kama aliyeona uzi umekatika sindanoni, akaendelea kufunga gunia.

Sisi tulikuwa abiria wa sitaha. Asubuhi dengu, mchana dengu, jioni dengu iliyoongezwa maji. Siku ya pili Baba alishuka jikoni na mbuzi wake mkononi, akamwonyesha mpishi wa Kigoa jinsi dengu inavyotiwa tui, na tangu hapo akawa mtu mkubwa melini. Waliokuwa wakitapika walikuja kuuliza kama mzee wa nazi ameshapika. Mimi nilikuwa naangalia gunia likilegea, nafurahi. Nilidhani zikiisha njiani atageuza njia.

Karachi

Meli ya kwenda Ghuba ilikuwa imeondoka kabla hatujafika. Nyingine ilikuwa "kesho", na kesho ya Karachi ni ndefu. Tulikaa msafirikhana, chumba kimoja na familia ya Kiajemi iliyokuwa na kasuku. Kasuku alijua salamu kuliko mimi.

Pale msafirikhana alikuwapo mzee mmoja mchukuzi wa mizigo, mweusi, nywele za kipilipili, anayejua Kiarabu kidogo. Alimwona Baba anakuna nazi, akamkumbatia, akamwita ndugu, akamwambia yeye ni Msidi na babu zake wametoka pwani yetu.

Baba akavuta nyusi. "Mimi Mwarabu. Natoka Maskati."

Mzee yule akajibu kwa adabu kwamba hata babu yake alipitia Maskati, ila babu huyo hakuulizwa kama anataka.

Baba akaendelea kukuna nazi. Jioni alimpelekea sahani ya wali wa nazi, akakaa naye chini wakala. Sikusikia walichozungumza. Niliona tu kwamba Baba ndiye aliyekuwa akimnawisha mwenzake mikono.

Matrah

Meli haifiki ufukweni. Inatia nanga mbali, nawe unateremka kwa ngazi ya kamba mpaka mashuani, na mzigo wako unateremshwa baada yako, juu ya kichwa chako. Nazi mbili zilianguka baharini. Baba alitaka zifuatwe. Aliyekuwa chini amesimama mashuani, mikono juu, analia na kucheka, ni Ami Saif. Ujanani alikaa Unguja miaka kadhaa akiuza papa mkavu, kisha akarudi Matrah akaoa. Tangu hapo ndugu hawa walikuwa hawajaonana.

"Nassor! Umezeeka wallahi!"

"Na wewe umekuwa mfupi," alisema Baba, akavunjika akalia.

Pale ufukweni watoto walitufuata wakipiga kelele: "Zinjibari! Zinjibari!" Baba akageuka nyuma kumtafuta huyo Mzanzibari aliyekuja na meli yetu. Nyuma palikuwa na mimi, na mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Unguja aliitwa Mmanga, Karachi Msidi, na sasa amefika kwao ameitwa Zinjibari.

Idi Kubwa ilitukuta siku chache baadaye. Ami alichinja mbuzi wa Idi, tukala, tukagawa. Baba alivaa kanzu mpya, akapanda darini, akaketi akitazama mbinguni mpaka shingo ikakakamaa. Hakuona kozi hata mmoja. Akasema ni Idi tu, bado baada ya Idi.

Quzi

Mke wa Ami, Bi Shamsa, hajui Kiswahili. Baba ana Kiarabu cha mtoto wa miaka saba, alichokiacha alipoondoka na kukikuta palepale. Mimi nina Kiarabu cha chuoni, cha kusomea Kurani, kwa hivyo nikimwuliza Bi Shamsa chumvi iko wapi nasikika kama ninayehutubu Ijumaa. Ami akiwapo anatufasiria. Akitoka, Mungu atulinde.

Siku moja Ami ametoka, Baba akasimama mlangoni pa jiko, akaona amweleze shemeji yake sababu ya safari yetu.

"Nabgha kozi," akasema. Tunataka kozi. "Tumekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya kozi."

Bi Shamsa akaacha mwiko. "Quzi?"

"Kozi, kozi! Kubwa!" Na Baba akatandaza mikono yote miwili, kuonyesha mbawa.

Sasa, nyinyi hamjui, wala mimi sikujua. Kule quzi ni mnyama mzima, kondoo au mbuzi, aliyeokwa akalazwa juu ya wali. Ni chakula cha harusi na cha mashekhe. Bi Shamsa alisikia kwamba shemeji yake amevuka bahari mbili kuja kula quzi, tena kubwa, upana wa mikono miwili. Nyama ya Idi ilikuwa imeshakwisha. Alijifunga ushungi, akatoka uani.

Mimi niliona mbuzi anatolewa, nikadhani ni ada ya siku fulani baada ya Idi. Nikasaidia hata kukaanga vitunguu. Ami aliporudi alikuta sinia limeletwa, wali wa zafarani na zabibu, na juu yake mbuzi mzima, miguu imekunjwa.

"Shamsa," akasema, "huyu si mbuzi wetu wa maziwa?"

"Ndugu yako kaomba quzi."

Ami akamgeukia Baba kwa Kiswahili: "Nassor, umeomba nini?"

"Nimemwambia nimekuja kwa kozi. Yule ndege."

Ami alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akamfasiria mkewe, mkewe akajifunika uso kwa ushungi, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sijui hata leo kama alikuwa anacheka. Baba peke yake hakucheka. Alinawa, akapiga bismillahi, akala kwa heshima zote, kisha akasema nyama ina ugumu kidogo.

Kuanzia kesho yake chai ya nyumba ile ilikuwa ya rangi. Hakuna aliyelalamika. Lakini nilimwona Ami asubuhi amesimama karibu na kigingi alichokuwa akifungiwa mbuzi, ameshika kikombe, na nikaelewa kwamba mtu huyu akiondokewa na kaka yake tena itamuuma vibaya sana. Mpaka pale nilikuwa nimemhesabu kama adui.

Kisiwani, mara ya kwanza

Ami alikodi mashua ya mashine ya Mbulushi mmoja jirani, akatupeleka kisiwa cha Fahl. Ni jabali tupu limesimama baharini, limetoboka matundu, limepakwa kinyesi cha ndege mpaka linang'aa. Harufu yake nimerudi nayo Mombasa kwenye ushungi. Membe walikuwapo. Kozi hawakuwapo.

"Wamo ndani ya matundu," alisema Baba.

Mbulushi akapiga makofi, akapiga kelele, akapiga debe. Hakutoka kitu. Tulizunguka mpaka jua likatupasua vichwa, tukarudi. Njiani Ami alikuwa kimya kama mtu anayejua jambo na hataki kulianza.

Jambo lenyewe alinipa Bi Shamsa, jikoni, tunachambua mchele. Nilimwuliza kwa Kiarabu changu cha mimbari, mbona ndege hawaji na Idi imeshapita? Akanitazama kwa huruma. Ndege hawa, alisema, huja joto likishauma na tende zikishaanza kutunga mitini. Hawaji kwa Idi. "Idi ndiyo inayotembea," akasema, "ndege wana msimu wao."

Niliacha mchele mikononi. Ni kweli! Mwaka ule aliochukuliwa Baba, Idi Kubwa ilikuwa imeangukia kwenye joto. Mtoto amevaa kanzu mpya, ameona ndege, amefunga mafundo mawili pamoja, akasafiri nayo maisha yake yote. Na sisi watu wa Unguja, tunaooga Mwaka na kuhesabu misimu nje ya mwezi mwandamo, akitokea mtu kutwambia kusi huanza Ramadhani tutamcheka mpaka aone haya. Baba mwenyewe angekuwa wa kwanza.

Nikamweleza. Nilidhani atajipiga kipaji, aseme basi, neno limekosea, twende zetu.

Alifikiri kidogo. "Kwa hivyo," akasema, "wamechelewa."

Kungoja

Neno lake lilikuwa "baada ya Idi", na hakusema baada kiasi gani. Kwa hivyo mkataba uliendelea mpaka meli ije. Nayo meli haikuja. Mara imeharibika Bandar Abbas, mara ina ndui ndani imezuiliwa, mara imeshapita na sisi hatukuambiwa. Mimi na Ami Saif tukawa tunashindana kwa dua. Yeye kila asubuhi anapanda darini anatazama mbinguni, mimi nasimama kando yake natazama baharini. Tukishuka tunaulizana kwa adabu. "Wako bado?" "Bado. Na yako?" "Bado, Ami."

Katikati yetu Baba alikuwa akikonda. Joto lilikuja kama lililokuwa na kisa naye. Wazee wa Matrah walimpokea vizuri barazani mwao, wakampa kahawa na halwa, na kila siku wakamwuliza: kwenu kuna mvua? Kwenu mnalima nini? Kwenu Zinjibari. Aliwajibu kwa urefu. Mara moja tulitembelea jamaa Maskati kwenyewe, ndani ya kuta, tukazuiwa njiani jioni kwa sababu hatukubeba taa, ilhali mwezi ulikuwa mpevu na njia nyeupe pee. Baba akamwuliza askari taa ni ya nini. Askari akasema ni ya kuonekana.

Nazi zikaisha. Sikuambiwa; niliona wali umekuwa mkavu. Mchana mmoja nilimkuta amelala chini, amejifunika usoni gunia la nazi tupu.

"Baba, gunia la nini?"

"Nzi."

Hapakuwa na nzi. Hata nzi walikuwa wamekimbia joto.

Nikakaa karibu yake. "Baba, tukipata meli twende zetu?"

"Nshaweka neno mbele ya watu. Saif keshanitolea chumba. Keshachinja mbuzi wake wa maziwa kwa ajili yangu. Leo nimwambie nini? Kwamba hapa si kwetu?"

"Na kozi wakija?"

"Wakija nakaa," alisema chini ya gunia, kwa sauti ya mtu anayeambiwa dawa inywewe yote.

Nilitoka nje nikalia. Nimewaona watu waking'ang'ania kukaa wasipotakiwa. Sijawahi kumwona mtu anapendwa pande zote mbili akakosa pa kutokea.

Kisiwani, mara ya pili

Asubuhi watu walipopiga kelele sokoni kwamba meli imeonekana, nilikimbilia darini. Ni kweli ilikuwa meli. Ilikuwa inapanda Dubai kwanza ndipo igeuke Karachi, upande usio wetu kabisa, na ingeondoka alasiri. Ningeipanda hata kama inakwenda Uchina. Nikashuka ngazi mbio nimwambie Baba, na mlangoni nikapambana na Ami Saif naye anaingia mbio, kilemba mkononi.

"Nassor!" alikuwa akipiga kelele. "Nassor! Wamekuja! Mbulushi kawaona alfajiri, wamejaa!"

Meli na kozi, asubuhi moja. Baba alitoka chumbani, akasikia yote mawili. Baba alivaa viatu polepole, cha kulia, cha kushoto, akasema twende.

Walikuwapo, wallahi. Wa kijivu kama majivu ya jikoni, wembamba, mbawa ndefu. Wanatoka matunduni wanajitupa, wanapita juu ya maji kwa kasi ya kukata pumzi, wanarudi. Mmoja alipita karibu yetu na kindege mguuni. Nilimwona jicho. Mimi niliyekuwa nimeomba dua wasije, nilisahau nikapiga kigelegele.

Lakini walikuwa wadogo. Hakuna aliyezidi njiwa kwa kitu cha maana. Sio hao wa kutia mashua kivuli; hata kofia wasingetia.

Ami alikuwa amemshika kaka yake bega, machozi yanamtoka. "Umeona? Sikukwambia? Wamerudi, kaka."

Baba aliwatazama muda mrefu, mmoja mmoja, kama anayetafuta mtu wake kwenye kundi la wanaoteremka. Kisha akamtazama mdogo wake. Nilishika ubao wa mashua kwa nguvu, nangoja lile neno la kunikata.

"Saif," akasema, "hawa si kozi."

Ami akatoa mkono begani.

"Kozi namjua. Kozi mkubwa. Hawa vipanga tu hawa, wanapita."

Mbulushi, aliyezaliwa chini ya jabali lile, akafungua mdomo kuanza kueleza. Ami akamwinulia mkono. Akamtazama Baba usoni, na Baba hakumkwepa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mashua ilikuwa ikiyumba, ndege wanapiga kelele juu yetu, na ndugu wawili wale wanatazamana. Ami alielewa. Nilimwona akielewa, na jinsi ilivyomwuma, na jinsi alivyoimeza.

"Kweli," akasema hatimaye. "Macho yangu ya uzee. Nimekosea. Hawa si kozi."

"Si kozi," alisema Baba.

"Kozi hawakuja mwaka huu."

"Hawakuja. Na meli imekuja."

"Basi nenda, kaka," alisema Ami Saif. Akamwambia Mbulushi awashe mashine.

Kuondoka

Bi Shamsa alitufungia halwa na mkate, akanibusu kichwani, akasema kitu ambacho Kiarabu cha chuoni hakina. Ami alitusindikiza mpaka ubavuni mwa meli. Baba alipokwisha panda, Ami alinivuta pembeni, akasema: "Mwambie baba yako, wale wakubwa wakija ntamtumia khabari." Nikasema nitamwambia. Nilikuwa na furaha, siwezi kuificha, na nikaona haya kuwa nayo mbele yake, nikainamisha uso nikambusu mkono.

Meli ikang'oa nanga ikapanda na pwani. Alasiri ile ilitupitisha karibu na Fahl, karibu kiasi cha kuyaona matundu, na ndege walikuwa bado hewani. Abiria wakajazana upande ule kuangalia. Baba alichukua mkeka wake akauhamishia upande wa pili, akaketi amewapa mgongo, akakaza macho kwenye bahari isiyokuwa na kitu. Sikumwita. Nilibaki na wale abiria pale ukingoni mwa meli, nikawatazama kozi kwa niaba yake mpaka jabali lilipokuwa dogo, ndipo nikaenda kumwambia anaweza kugeuka.